Sauti ya DJ Luhende

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaani Mabatini hapana pa kutia mguu, na siku ile duka la Zain lilikuwa limejaa kuliko yote. Watu walibanana mbele ya kaunta wakinyoosha flashi zao, kila mmoja akitaka awekewe filamu kwanza. Justa alikuwa katikati yao, amevaa gauni la rangi ya udongo lenye mkanda mwembamba kiunoni, nywele amezibana nyuma. Alikuwa ametoka moja kwa moja kazini, duka la dawa la mjini, na mikono yake bado ilinukia spiriti.

“Niwekee mbili za mapigano na mbili za kuchekesha,” alimwambia Zain. “Lakini zisiwe za huyu DJ wenu. Nataka nisikie wenyewe wanasema nini.”

“DJ yupi, dada?”

“Huyo Luhende. Juzi naangalia moja, steringi, yule shujaa, anaagana na mke wake, mke analia, na mimi nimeshaanza kutafuta kitambaa. Mara yeye anaingilia: ‘Ndugu watazamaji, msimwonee huluma, haya ni machozi ya mamba, mtamwona huko mbele.’ Nani alimuuliza? Kanimalizia filamu kabla sijafika katikati.”

Watu walicheka. Zain, ambaye ukoo wake umefanya biashara Mwanza tangu enzi za pamba na kwa hiyo anajua lini mfanyabiashara anapaswa kunyamaza, alitazama tu juu ya bega la mteja wake.

“Lakini si kweli yalikuwa machozi ya mamba?” sauti iliuliza nyuma.

Justa aliijua sauti ile kabla ya kugeuka. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza kidogo, sauti iliyokuwa imeshawasemea majambazi, maaskari, bibi harusi na hata mbwa, jioni baada ya jioni, chumbani kwake Nyamanoro. Mwenye sauti alikuwa mwanamume mrefu, shati la jinzi limekunjwa mikono, kalamu juu ya sikio.

“Mimi ndiye huyo anayehalibu,” alisema. “Nisamehe kwa kukuhalibia.”

Kwa asiyejua, DJ wa filamu hapigi muziki. Yeye huchukua filamu ya watu wa mbali, akakaa na kipaza sauti, akawatafsiria watazamaji kwa Kiswahili kila anachosema kila mtu, kwa sauti yake hiyo moja, na akiona inafaa huongeza ya kwake. Luhende aliongeza sana ya kwake. Kasoro yake, kama ni kasoro, ni kwamba alizaliwa Busisi ng’ambo ya ziwa, mtoto wa Kisukuma, na herufi r haikuwa imewahi kupata kiti kinywani mwake. Risasi kwake ilikuwa lisasi. Rafiki alikuwa lafiki. Hata adui mkubwa, mwenye kovu na bunduki mbili, alipopitia kwa Luhende alisema, “Nitakulipua kwa halaka.”

Walitoka nje pamoja kwa sababu kila mmoja aliona aibu kutangulia.

“Mbili za mapigano, mbili za kuchekesha,” Luhende alisema. “Kwa nini unagawa sawa?”

“Za mapigano ni za siku nikiwa na hasira na bosi. Za kuchekesha ni za Jumapili.”

“Na zipi nzuli?”

Justa hakuulizwa swali kama hilo mara nyingi, na majibu alikuwa nayo mengi, yamejaa ndani hayana pa kwenda. Basi aliyatoa yote palepale, amesimama kati ya muuza mitumba na muuza sabuni. Alisema filamu za mapigano za siku hizi ni ndefu mno, saa tatu watu wanavunja vioo tu. Alisema masteringi siku hizi ni wazee wa miaka sitini, wanaruka kutoka kwenye treni, halafu yeye wa thelathini na tatu akipanda ngazi mbili goti linamuuma. Alisema hakuna anayekula kwenye filamu za mapigano, hata chai. Na kila wakikimbizana sokoni lazima gari lipitie juu ya meza ya matunda ya mama fulani, na filamu nzima itaisha bila mtu kurudi kumuuliza yule mama hali.

“Na za kuchekesha?”

“Wanaangushana sana. Mtu akianguka mara ya kwanza nacheka, mara ya nne namhurumia.” Alisita. “Lakini labda ni kwa sababu naziangalia peke yangu. Filamu ya kuchekesha ukiiangalia peke yako inakuwa kama chakula cha msibani.”

Hilo la mwisho lilimtoka bila kupanga. Luhende alitoa kalamu sikioni akaandika namba yake kwenye risiti ya Justa.

“Nikupigie?” Justa aliuliza.

“Unipigie. Nimechoka kusifiwa na Zain.”

Ikawa kila Alhamisi, jua likianza kulalia mawe ya mlima, Luhende anamtumia dakika kumi za filamu aliyokuwa akiitafsiri, na Justa anampigia kutoa maoni. Alikuwa mkali. Baba yake, marehemu sasa, alikuwa mwalimu wa Kiswahili kule Bukoba, mtu aliyemsahihisha mwanawe hata akiwa anasali. Lugha ndiyo iliyokuwa urithi wake, na urithi huo Justa aliubeba juu juu, ili watu wauone.

“Huyu polisi umemfanya mcheshi, wakati mwenyewe kafiwa,” alisema siku moja.

“Nimemwongezea utani apate nafuu.”

“Luhende, yule ni mtu wa kwenye filamu.”

“Hata yeye anapenda falaja, mwalimu wangu.”

“Faraja.”

“Ndiyo hiyo hiyo.”

Justa alicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Hakukumbuka mara ya mwisho jirani kugonga ukuta wake kwa sababu kama hiyo. Jirani yule alikuwa amemzoea kama mpangaji asiyekuwepo.

Jumapili, baada ya misa, ilikuwa desturi ya Justa kwenda sinema kwenye jengo lile kubwa la maduka, peke yake, kiti cha pembeni. Jumapili ya nne Luhende alikuja. Alikuwa amepiga pasi shati jeupe mpaka likasimama, na alibeba bisi kwa mikono miwili kwa uangalifu wote. Filamu ilikuwa ya kuchekesha, ya baba mmoja anayejaribu kuficha kwamba amefukuzwa kazi. Luhende alimnong’oneza tafsiri ya kwake mwenyewe sikioni, haifanani kabisa na yanayosemwa, na Justa alicheka mahali ambapo ukumbi mzima ulikuwa kimya. Mtu wa mbele aligeuka. Justa hakujali. Walipotoka walitembea mpaka ufukweni, wakasimama wakiangalia kivuko cha Kamanga kinavyoshusha magari.

“Nyumbani wananisumbua,” Luhende alisema. “Wajomba wanasema umli umekwenda, nioe. Wameshanitafutia hata msichana, wa kijiji cha jilani.”

“Na wewe unasemaje?”

“Nasema kuna mtu ananisahihisha. Nikimaliza kusahihishwa ndiyo nitaoa.”

Justa alitazama maji. Hakupenda yule msichana wa kijiji cha jirani hata kidogo, ingawa hakuwahi kumwona. Ila mkono wa Luhende ulikuwa tayari ndani ya mkono wake, na kwa miezi mitatu iliyofuata msichana yule hakutajwa tena.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ilikuwa Jumamosi nyingine, duka la Zain limejaa vilevile, na runinga ya dukani ilikuwa ikionyesha filamu mpya ya Luhende. Justa alikuwa na furaha siku ile, na mtu mwenye furaha hupenda kuonekana. Alisimama kando ya runinga, akashika chupa ya maji kama kipaza sauti, akaanza: “Lafiki zangu, chukueni bunduki ile halaka, kabla laisi hajaluka na ndege.” Aliiga vizuri kupita kiasi. Duka zima lilipasuka kwa kicheko, mzee mmoja akaomba arudie, naye akarudia.

Luhende alicheka pia. Alicheka pamoja na watu, akampiga Zain begani, akasema, “Amenipata.” Kwa hiyo Justa alirudi nyumbani akiwa hajui kwamba amefanya kitu.

Wiki ile Luhende alinunua daftari. Upande wa kushoto aliandika maneno ya r, upande wa kulia ya l, akabandika kurasa zake ukutani studio, chumba kidogo nyuma ya fundi wa mageti. Kila alfajiri, kabla fundi hajawasha mashine, alisimama mbele ya ukuta akisoma kwa sauti. Mtu aliyekulia ndani ya herufi moja hawezi kukisia ni wapi penye nyingine. Lazima akariri neno moja moja, na akichoka anabahatisha.

Justa aliona mabadiliko akafurahi. “Siku hizi unaongea kama redio ya taifa,” alimwambia kwenye simu.

“Najitahidi,” Luhende alijibu, polepole.

Dakika zake kumi za Alhamisi zilianza kuwa nane, kisha sita. Justa hakuuliza zile nne zilikwenda wapi.

Kisha ikaja Jumanne ile. Justa alikuwa kazini akipanga maboksi ya dawa za kikohozi, simu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Luhende. Alijificha nyuma ya rafu akausikiliza, akitabasamu kabla haujaanza.

“Zain, nimeshalipia mahari Kiseke,” sauti ilisema. “Mama wa pale amenikubali, anasema mwezi ujao mambo yawe tayari. Ila Justa asijue kwanza. Nitamwambia mwenyewe.”

Alisimama na boksi mkononi. Alitaka kuusikiliza tena, pengine sikio lilikuwa limeteleza, lakini alipogusa kioo ujumbe haukuwepo. Palikuwa na maandishi tu kwamba umefutwa. Luhende alikuwa ameutuma kwa mtu siye, ameligundua hilo, na ameuondoa. Na maneno yenyewe yalikuwa yametamkwa safi, r imenyooka, kama angeyatamka marehemu baba yake Justa. Hilo ndilo lililomwondolea shaka. Mtu aliyetamka mahari vizuri hivyo alikuwa amelifikiria neno hilo kwa muda.

Basi ndiyo maana dakika zilipungua. Wajomba wameshinda, na msichana wa kijijini kumbe ana mama huku mjini, Kiseke.

Ungekuwa wewe ungeuliza. Hata mimi ningeuliza. Justa hakuuliza, kwa sababu mtu aliyekaa peke yake miaka mingi huwa ameshajiandalia jibu la kuachwa, na anachosubiri ni swali tu. Luhende alipopiga jioni alimwacha aite mara tatu.

“Mbona sauti imepoa, mpenzi?”

“Luhende, naomba tusisumbuane tena.”

“Kuna nini?”

“Hakuna. Hatufanani, basi. Wewe kaa na wenzako, na mimi nibaki na wangu.”

Upande wa pili fundi wa mageti alisikika akigonga chuma.

“Hatufanani,” Luhende alirudia, taratibu, kama mtu anayesoma neno ukutani. “Sawa. Nimeelewa.”

Alielewa yake. Alielewa kwamba binti wa mwalimu amechoka kuona aibu.

Wiki saba zilipita. Justa aliendelea kwenda sinema kwa sababu angeacha angekwenda wapi. Aliweka mkoba wake kwenye kiti cha jirani ili kisionekane wazi. Aliona filamu ya majasusi, akatoka akiwa na maoni mazuri sana kuhusu mwisho wake, kwamba yule mwanamke hakupaswa kupanda ile helikopta bila kuuliza. Maoni yale alikaa nayo kutoka Jumapili mpaka Jumatano, hakuna wa kumpa. Alhamisi jioni alijaribu kumwambia mhudumu mwenzake wa duka la dawa, na mwenzake alisema, “Eh, kumbe,” akaendelea na simu. Usiku wa Alhamisi hizo ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Aliosha sufuria moja, sahani moja, kijiko kimoja, na jirani hakugonga ukuta.

Jumamosi moja alikwenda kutengeneza nywele kwa Precious, saluni ya njia ya kwenda Kirumba. Alikuwa ameshafungwa rola kichwa kizima, amekaa chini ya draya, wanawake wanne wengine wakiangalia runinga. Filamu ilikuwa ya mapigano. Draya ilikuwa ikiunguruma masikioni, hakusikia vizuri, lakini sauti ile angeisikia hata ndani ya mashine ya kusaga.

Alitoa kichwa nje.

“Kira mtu arare chini,” sauti ilikuwa ikisema. “Porisi wamefika. Weka siraha chini, rafiki.”

“Siku hizi huyu DJ sijui kapatwa na nini,” Precious alisema, kitana mdomoni. “Zamani ilikuwa l mwanzo mwisho, tumeshamzoea. Sasa kahamia r. Na utani kaacha kabisa. Unaona, hata jina kabadilisha.”

Kwenye kona ya kioo cha runinga, kwa maandishi mekundu, palikuwa pameandikwa: DJ Ruhende.

Jina lile Luhende alipewa na babu yake, alishamsimulia Justa siku ile ya kivuko. Kwenye runinga, askari alikuwa amemfumania mwizi ndani ya ghala. Na Ruhende, kwa uangalifu mkubwa, kila silabi mahali pake, akasema: “Toka. Hapa si mahari pa kujificha.”

Wanawake walicheka. “Mahari pa kujificha,” mmoja alirudia, akijifuta machozi. “Ya ng’ombe wangapi?”

“Precious, rudisha nyuma,” Justa alisema.

“Niirudishe kwa nini?”

“Rudisha, tafadhali.”

Alisikiliza mara mbili. Kisha alisimama, akajifunga kitenge juu ya rola zote, akatoka. Precious alimwita kwamba nywele hazijakauka, na hazikuwa zimekauka.

Zain alipomwona anaingia na kichwa kikubwa vile hakucheka. “Dada Justa. Umepotea.”

“Kiseke kuna nini?”

“Kiseke?” Zain alikwaruza kidevu. “Kulikuwa na nyumba. Ngosha wako Luhende alipata vyumba vitatu kwa mama mmoja mjane, patulivu, hakuna fundi wa mageti. Kimoja cha kurekodia. Viwili vya… basi, alisema atakupeleka ukaone mwenyewe, nisikwambie. Alitaka nimsaidie gari la kubebea magodoro ya kuzibia sauti. Halafu wewe ukamwacha, naye akamrudishia mama ufunguo.”

“Yuko wapi?”

“Kwao, Busisi. Hiyo filamu inayozunguka ndiyo ya mwisho. Alisema hatafsiri tena. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia hana lugha.” Zain alitazama pembeni. “Mimi pia siku ile nilicheka, dada.”

Kesho yake Jumapili, Justa hakwenda sinema. Alipanda basi dogo la Sengerema, amevaa gauni lake lile la rangi ya udongo, nywele zimelegea upande mmoja kwa kukatishwa. Walivuka daraja, refu mpaka mtu anapata muda wa kuwaza, na yeye aliwaza njia nzima. Upande wa Busisi aliuliza kwa akina Luhende, akaelekezwa.

Mama yake Luhende alikuwa amekaa barazani akikata viazi vitamu vya kuanika. Luhende alikuwa kando yake, amefungua redio ya mtu, anatafuta waya.

“Shikamoo mama.”

“Malahaba mwanangu. Kalibu, kaa. Luhende, mgeni.”

Luhende aliinuka. Alikuwa amepungua. “Sikutegemea,” alisema. Akavuta kigoda. “Kaa hapa.”

Mama alichukua ungo wake akaenda kuanika nyuma ya nyumba, ingawa jua lilikuwa zuri hata mbele.

“Unaendeleaje?” Justa aliuliza.

“Sina shida.”

“Kazi je?”

“Studio nimeifunga.” Akashika bisibisi, akaiweka. “Nipo na mama.”

Majibu yalikuwa mafupi, na kabla ya kila moja palikuwa na kituo kidogo. Justa alidhani ni hasira. Ilimchukua muda kugundua, na alipogundua alitamani arudi alikotoka. Luhende alikuwa akichagua. Kila neno alilolitoa halikuwa na l wala r. Aliyapita maneno yote yenye herufi zile mbili, kama mtu anayevuka uwanja wenye miba, akikanyaga pale tu anapopajua.

Basi alisema yeye. Alimweleza ujumbe wa sauti, rafu ya dawa za kikohozi, neno alilolisikia. “Ulitaka kusema mahali, Luhende. Ukasema mahari. Na mimi nikaona umeoa.”

Midomo ya Luhende ilijaribu maneno yote mawili bila sauti. Kisha akafunika uso kwa viganja.

“Na ulidhani nimekuacha kwa sababu ya matamshi,” Justa aliendelea.

“Ndiyo.”

“Siyo kweli. Lakini mimi ndiye niliyekutia hofu hiyo, na hofu ndiyo iliyokutia lile neno mdomoni. Nilikupenda kwa sauti hiyohiyo, halafu nikaanza kuisahihisha, halafu nikaichezea mbele ya watu. Nimekuja kuomba msamaha. Na nimekuja kukuomba turudi. Nimechoka kukaa na maoni yangu peke yangu. Sitakusahihisha tena hata ukiniambia jua ni jiwe.”

Alitaka kumchekesha. Luhende alitabasamu kidogo tu, akamshika mkono.

“Nakupenda,” alisema. “Hiyo haina shida kutamka.”

“Basi twende.”

Alitikisa kichwa. Ilimchukua muda kupanga. “Nikiwa na watu, nasema. Nikiwa na wewe, najisikia mwenyewe nikisema.” Akaisogeza bisibisi kando. “Hata ukinyamaza, macho yanasema.”

Justa alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu matatu, yote mazuri, na safari hii aliyameza. Walikaa mikono imeshikana mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia. Mama aliwaletea viazi vya kuchemsha na maziwa ya mgando, wakala, na Justa akasifu viazi.

Luhende alimsindikiza barabarani. Kwenye kituo cha pikipiki dereva mmoja, Masele, alimwona akapiga honi.

“Ngosha, umeibuka.”

“Masele, hiyo pikipiki bado haijakuua?” Luhende aliangua kicheko, na sauti ile nzito ikafunguka yote, ikajaza barabara. “Juzi umeanguka pale kwenye balabala, watu wote wanakimbilia damu, wewe unauliza kofia yangu iko wapi. Ndugu watazamaji, stelingi hafi, lakini huyu wa leo hata muongozaji hana uhakika. Mtazameni miguu, mmoja umetangulia kabulini.”

Madereva walikuwa wakigongana mabega kwa kucheka. Masele mwenyewe alikuwa ameinamia usukani. Luhende aliendelea, akawa pikipiki, akawa mama muuza nyanya aliyeona ajali, akawa kofia. Justa alisimama nyuma yake akicheka, machozi yanamtoka, akifikiria kwamba hii ndiyo filamu ya kuchekesha kuliko zote alizoziona mwaka ule, na kwamba imekuwa karibu yake miezi yote ile.

Kisha Luhende aligeuka, akamwona. Kicheko kilimtoka usoni. Alisimama, akatafuta.

“Basi… namaanisha… usafili wako,” alisema, akasikia alichosema, akafunga mdomo.

Hapo Justa alijua. Angeweza kumng’ang’ania. Angeweza kurudi wiki ijayo, na ijayo tena, na Luhende, kwa jinsi alivyokuwa mwema, angekubali mwishowe. Angempata mume mzima mwenye nusu ya maneno, akae naye meza moja akimwona anachagua yapi ya kusema. Moyo ulimuuma kama jino. Alikuwa anampenda mno kumfanyia hivyo, na alikuwa hajawahi kupenda hivyo.

“Usinisubirie gari,” alisema. “Kaa na wenzako.”

“Na wewe?”

“Mimi nitakusikiliza kwa Precious. Rudi studio, Luhende. Kule saluni wanakulilia, wanasema utani umekwisha. Na jina lako uliandike kama ulivyopewa na babu.”

Luhende aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Basi dogo lilikuja likiwa na viti vitupu vingi, Justa akapanda, akakaa dirishani, akatazama mbele. Alijiambia asigeuke. Aliweka mkoba kwenye kiti cha pembeni, kisha akauondoa, akaupakata.

Gari liliondoka. Lilikuwa limeshika mwendo aliposikia mtu anakimbia kando ya barabara, na ile sauti, nzima, bila kituo, bila kuchagua:

“Safali njema wewe mwanamke. Ukifika upige simu, usiniletee tena kibuli chako.”

Justa aligeuka. Luhende alikuwa amesimama katikati ya vumbi, mkono kiunoni, anahema, madereva wanamcheka, na ilionekana hakuwa bado amejisikia akisema. Justa alitoa mkono wote dirishani akampungia. Alitaka kumwambia dereva asimame, lakini walikuwa wameshaingia darajani, na darajani magari hayaruhusiwi kusimama.